Ardella na Kodi ya Matumizi

Dada yangu Ardella Crider aliendesha basi la shule kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi waliompigia kelele, na katika muda wote huo hakuwahi kulivusha juu ya Bamba likiwa limefunikwa na maji. Hata maji yasiyofika kifundo cha mguu. Hata wazazi wakipiga honi nyuma yake mpaka ng'ombe wakainua vichwa malishoni.

Bamba ndilo jina tunaloliita zege lile bapa lililolazwa kwenye Kijito cha Sutter, nje kidogo ya mji wetu wa Bellamy, hapa Missouri. Halina ukingo. Siku ya jua unalipita bila hata kukumbuka kwamba kuna kijito chini yake. Mvua ikinyesha vilimani, maji hupanda juu yake yakiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, na hapo anayetaka kwenda ng'ambo huzunguka kwa barabara kuu, safari ya karibu saa nzima. Ng'ambo kuna mashamba, kuna nyumba tuliyozaliwa, ambamo Ardella aliishi peke yake, na kuna makaburi ya mji mzima.

Nakumbuka siku moja baba mmoja aliyekuwa na haraka alishuka kwenye gari lake akaja kugonga mlango wa basi.

"Mama, maji hayo hata bata hawezi kuogelea! Vuka!"

"Kwa nini usivuke wewe kwanza?" Ardella akamjibu kwa kupitia dirishani.

"Wewe ndiye unayelipwa kuendesha."

"Nalipwa kuwafikisha. Kuvuka hata gogo linavuka."

Kisha akazima injini, akatoa kopo la biskuti alilokuwa analiweka chini ya kiti, akawaimbisha watoto nyimbo za Shule ya Jumapili mpaka kijito kiliposhuka. Mkuu wa shule alimwita ofisini kwa ajili ya hilo mara kadhaa. Alikuwa anakwenda, anasikiliza, anashukuru, na mvua nyingine ikinyesha anafanya vilevile. Dada yangu hakuwa mtu wa kubishana sana. Alikuwa mtu wa kutosogea.

Kisha kijito kikamchukua kijana wa akina Maples pamoja na gari lake dogo, asubuhi ya Machi, akienda kazini. Ardella ndiye aliyeona taa za nyuma za gari zikiwaka chini ya maji. Hakupenda kulizungumza jambo hilo, nami nitaliacha hapo. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile alikuwa anahudhuria kila mkutano wa baraza la mji, ameketi mbele na mkoba wake magotini, na zamu yake ya kusema ikifika husema sentensi ileile: "Nataka daraja."

Baraza halikumkatalia. Lilimweleza, kwa upole, kwamba jimbo liko tayari kulipa sehemu kubwa ya gharama, mradi mji utoe sehemu yake, na mji hauna. Zamani tuliishi kwa kodi ya mauzo. Ukinunua viatu kwenye duka la viatu, senti chache zilibaki Bellamy. Lakini duka la viatu limefungwa, la vitambaa limefungwa, na vitu vyote sasa vinakuja na gari la vifurushi kutoka kusikojulikana, bila kuuachia mji hata senti ya kununulia kokoto. Ndipo mtu mmoja kwenye baraza akasema kwamba sheria inaruhusu miji kutoza kodi ileile kwa vitu vinavyonunuliwa mtandaoni, wananchi wakikubali kwa kura.

"Basi tupige kura," Ardella akasema. Alifikiri jambo limekwisha.

Tatizo lilikuwa jina. Kisheria kodi hiyo inaitwa kodi ya matumizi, na lazima iandikwe hivyo kwenye karatasi ya kura. Watu wetu waliposoma neno matumizi walielewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa. Walidhani watatozwa kwa kutumia vitu vyao. Bibi Velda Hutsell, ambaye ana cherehani ya miguu aliyorithi kwa mama yake, alimshika Ardella mkono mlangoni mwa kanisa.

"Mwanangu, nikishona pazia moja nitalipa ngapi?"

"Hulipi kitu, bibi. Ukinunua tu, tena mara moja."

"Lakini wameandika matumizi."

"Najua wameandika, bibi."

"Wasingeandika kama hawana maana."

Ardella alikwenda kwa mwanasheria wa mji kuomba neno libadilishwe. Akaambiwa neno ni la sheria ya jimbo na haligusiki. "Basi aliyeitunga hajawahi kuzungumza na jirani yake," akasema, akatoka.

Aliyelishangilia neno hilo kuliko wote alikuwa Doyle Stubblefield. Doyle ni shemasi kanisani kwetu, alisoma darasa moja na Ardella, na walitaniana tangu utotoni kama watu wa ukoo mmoja. Yeye alimwita Dereva, naye Ardella alimwita Shemasi, hata siku walizokuwa hawasalimiani. Asubuhi moja kwenye mgahawa, mbele ya wanaume waliokuwa wanakunywa kahawa, Doyle aligeuka kwenye kiti chake.

"Ebu Dereva, nieleze. Nikinunua sepetu mtandaoni, nitalipa kila nikiitumia? Na nikiiegemeza ukutani je?"

"Sepetu zako zote zimeegemea ukutani, Shemasi. Wewe utasamehewa kodi maisha."

Walicheka wote, Doyle naye. Lakini kura ilipopigwa, kodi ilianguka vibaya. Ndani ya karatasi ya kura kulikuwa na sentensi nyingine ndefu kuhusu watu ambao manunuzi yao ya mwaka hayazidi dola elfu mbili, kwamba hao hawatahitaji kujaza taarifa yoyote. Iliwekwa kuwatuliza watu. Badala yake, kila mtu alisimama pale kwenye kibanda cha kura akijiuliza yeye amenunua kiasi gani mwaka huo, akaona kana kwamba serikali imemwomba aungame, akapiga hapana.

Ardella alilia jioni ile, jambo ambalo nimemwona akilifanya mara chache. Kisha akanawa uso, akaniambia, "Oleta, wameliogopa neno. Hawajalikataa daraja." Mwaka uliofuata baraza likaliweka tena suala kwenye kura, kwa sababu aliwachosha.

Safari hiyo alitengeneza mabango mwenyewe kwa maboksi ya vifurushi. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba maboksi matupu, na hakuna aliyekosa la kumpa. Akayapasua, akayapaka rangi nyeupe, akaandika kwa herufi kubwa: NANI ANATUMIA BARABARA YETU BURE? GARI LILILOLETA BOKSI HILI. Akayasimamisha kando ya njia hadi Bamba. Siku ya kura aliketi kwenye kiti cha kukunja nje ya ukumbi wa zimamoto, nyuma kidogo ya mstari ambao sheria inakataza mtu kufanya kampeni ndani yake. Doyle alikuja akamkuta hapo.

"Dereva, naona umeketi mpakani kama mtoza ushuru."

"Mtoza ushuru mmoja alimfuata Bwana, Shemasi. Huwezi kujua."

Doyle hakucheka. Akachuchumaa kando ya kiti chake, akasema kwa sauti ya chini, "Ardella, nikuambie kitu. Marvine hatembei tena. Duka lake ni ile simu. Kila kitu anachohitaji mwilini mwake kinakuja na lile gari, maana hapa mjini hakuna anayekiuza. Unataka nimtoze mke wangu kwa ugonjwa wake?"

"Na akiugua usiku maji yakiwa juu ya Bamba?"

Akina Stubblefield nao wanakaa ng'ambo. Doyle aliinuka, akapangusa magoti. "Nimeishi ng'ambo miaka yangu yote. Mungu hajanisahau bado. Ila kodi nijuavyo mimi, ikishapanda haishuki. Mtajengewa ofisi, si daraja." Akaingia kupiga kura yake. Safari hiyo kodi ilianguka kwa tofauti ndogo.

Ugonjwa ulimjia Ardella wakati baraza linabishana kama litaliweka suala mara ya tatu. Saratani ya kongosho. Daktari alisema maneno mengi, na Ardella alimsikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mkuu wa shule. Alikabidhi funguo za basi, akahamia kwangu mjini, kwa sababu alisema hataki gari la wagonjwa lizungushwe barabara kuu kwa ajili yake. Aliuacha mlango wa nyumba ya wazazi wetu umefungwa kwa kamba.

Alikuwa mwepesi sana mwishoni. Nilikuwa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Tulisali asubuhi na jioni, na sitasema kwamba sala zote zilijibiwa nilivyotaka, ila alikufa bila hofu, na hilo nililiomba. Lakini kabla ya hapo, baraza lilipokubali kuliweka suala mara ya tatu, aliagiza karatasi ya kura kwa njia ya posta, kama sheria inavyowaruhusu wagonjwa. Nilimshikia ubao. Alijaza kile kiduara cha ndiyo kwa kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Wasiseme hawakuiona," akasema.

Alifariki siku chache kabla ya uchaguzi wa Aprili. Karani wa uchaguzi wa kaunti anasali kanisani kwetu. Alikuja na keki ya limau, akaketi jikoni kwangu, akashindwa kuanza.

"Sema tu, mama," nikamwambia.

"Dada Oleta, mpiga kura akifariki kabla ya vituo kufunguliwa, kura yake inatolewa. Sina namna. Nimeapa."

"Itoe. Huko aliko imekwisha kuhesabiwa."

Alilia kuliko mimi.

Tulimzika Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mchungaji Loftis alihubiri vizuri na kwa ufupi, na watoto wa basi, wengine sasa wana watoto wao, walijaza viti mpaka ukumbi wa nyuma. Tukatoka kwa msafara, magari yakiwa yamewasha taa, gari la jeneza mbele. Tulipofika Bamba, hapakuwa na Bamba. Kulikuwa na maji ya kahawia yakipita kwa kasi, na ng'ambo, kwenye kilima, tuliona turubai la wachimba kaburi.

Bwana Kessinger, mwenye nyumba ya mazishi, alishuka na mwavuli wake, akaja dirishani kwangu.

"Dada Oleta, pole sana. Nilitumaini yangekuwa yameshuka. Itabidi tuzunguke kwa barabara kuu."

Nilitazama yale maji. Sijui kama ilikuwa huzuni au ilikuwa hasira. Najua tu kwamba nilifungua mlango nikashuka na viatu vyangu vya kanisani kwenye matope.

"Hatuzunguki," nikasema.

"Mama, kuna magari mengi. Kuna wazee."

"Wazee wakae garini. Anayetaka kwenda nyumbani aende, sitamlaumu. Lakini dada yangu ataingoja njia yake hapahapa, mbele ya macho ya mji huu. Zima injini, Bwana Kessinger."

Alimtazama mchungaji. Mchungaji akanitazama mimi, kisha akamwambia, "Zima injini, ndugu."

Basi tulingoja. Magari yalikuwa yamepanga foleni kupanda hadi kwenye kona, na hakuna hata moja lililogeuka. Baada ya muda akina mama wakarudi kanisani kwa gari moja, wakaleta chakula kilichokuwa kimeandaliwa kwa baada ya mazishi, paja la nguruwe la kuoka na viazi vya jibini, wakavipakua juu ya boneti za magari chini ya miavuli. Watu walikula wamesimama wakitazama maji. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Mama yake yule kijana wa Maples alikuja akasimama karibu nami.

Ndipo gari la vifurushi likateremka kutoka ng'ambo. Dereva alikuwa mama wa makamo. Aliona maji, akaona gari la jeneza, akashuka, akavua kofia yake, akasimama kwenye mvua upande wake kama desturi ya huku inavyotaka unapokutana na msiba njiani. Tulikuwa tunatazamana naye, maji katikati. Nyuma yake, mle garini, kulikuwa na vitu vya nusu ya watu waliokuwa wamesimama nami.

Katika ukimya ule simu ya Doyle ikalia. Alikuwa miongoni mwa wabeba jeneza, amesimama ameshika kofia. Aliitoa, akaisoma, akairudisha mfukoni haraka.

"Ni nani?" akauliza nduguye.

"Si mtu."

"Doyle, tuko msibani, ni nani?"

"Ni wao," Doyle akasema, akaelekeza kidevu ng'ambo. "Wanasema kifurushi changu kimechelewa kwa sababu ya maji."

Mtu mmoja aliguna. Kisha Bibi Velda, aliyekuwa ameketi garini na kioo kimeteremshwa, akasema kwa sauti ya viziwi, "Mwambie aogelee!" Na watu wakacheka, kwenye mazishi, mbele ya jeneza, na Mungu anisamehe, nami nilicheka mpaka mbavu zikauma. Doyle peke yake hakucheka. Alikuja akasimama kando yangu.

"Ni mto wa kiti cha magurudumu cha Marvine," akasema. "Ule wa zamani unamtia vidonda. Niliagiza uletwe kanisani, maana yeye hawezi kufika mlangoni. Nimeungoja wiki nzima."

"Pole, Doyle."

"Sikuambii ili unipe pole."

"Najua."

Alasiri maji yalianza kushuka. Yalipoliacha zege, likiwa na matope na matawi, Bwana Kessinger alitaka kuwasha gari, lakini wabeba jeneza walikuwa wamekwisha kulishusha. Walimvusha kwa miguu. Kila mtu akafuata nyuma, wengine wamevua viatu. Yule mama wa vifurushi alisogeza gari lake pembeni kabisa kutupisha, na Doyle alipompita, huku jeneza likiwa begani, alimsikia akisema, "Poleni sana, bwana." Tukamlaza Ardella kando ya baba na mama. Nilisali kwa sauti, ingawa si kazi yangu, na nikasema mbele ya Mungu na ya watu kwamba sitaki kumpelekea mtu mwingine yeyote maua kwa sababu ya kijito hiki.

Jumanne nilikwenda kwenye ukumbi wa zimamoto na kiti chake cha kukunja, nikaketi nyuma ya mstari. Sikumwomba mtu kitu. Waliopita walinipungia. Jioni wakatangaza kwamba kodi imepita, si kwa kura nyingi, lakini imepita.

Doyle alikuja kwangu keshoye asubuhi. Hakutaka kuingia, akasimama kibarazani.

"Nimekuja uisikie kwangu. Nilipiga hapana."

"Nilijua utapiga hapana."

"Jumamosi haikunibadilisha. Kodi ni kodi. Ila Marvine alipiga ndiyo, tena amenitangazia mezani mbele ya wajukuu, na tangu jana nakula chakula baridi."

"Utakula baridi mpaka daraja lijengwe."

"Ndicho nilichokuja kusema," akanijibu. "Halitajengwa. Nawajua hawa. Utaona."

Wala hakukosea sana. Fedha za kwanza za kodi zilipoanza kuingia, meya alisoma mbele ya baraza pendekezo kwamba kwa sasa zitumike kukarabati paa la jengo la mji, kwani linavuja, na suala la daraja lifanyiwe uchunguzi zaidi. Niliinuka. Mimi si msemaji. Nilimaliza sekondari tu, na mbele ya watu ulimi wangu hunenepa. Lakini nilisema, "Bwana Meya, ulisimama nami pale kwenye maji. Ulikula viazi vyetu. Hukuniambia juu ya paa."

"Dada Oleta, hakuna aliyesahau, lakini lazima tupange..."

Hapo Doyle akainuka safu ya nyuma, kofia mkononi.

"Mimi nilipinga kodi hii mara tatu," akasema. "Kila mtu humu anajua. Nilisema mtatoza kwa daraja mtajenga ofisi. Sasa mnataka kunithibitisha kuwa nilisema kweli, na mke wangu yuko upande ule wa maji. Sitaki kuwa mkweli kwa bei hiyo. Mmeichukua senti yangu kwa daraja. Haitajenga kitu kingine. Nitakuja hapa kila mkutano, na mnajua mimi nina muda."

Mjumbe mmoja akapendekeza fedha zote za kodi hiyo zifungiwe kwenye mfuko wa daraja, zisiguswe. Wakapiga kura wakiwa wametazama meza, na pendekezo likapita.

Watu wa jimbo wamekwisha kuja kupima. Wamepigilia vigingi vyenye utepe wa rangi ya machungwa pande zote mbili za kijito, na wanasema wataanza baada ya mavuno. Wakichelewa, watatukuta. Mimi na Doyle tunaketi safu ya mbele kila mkutano, na bado hatukubaliani juu ya kodi hata moja duniani. Paa halijakarabatiwa. Wameweka ndoo ya bati katikati ya chumba, na mvua ikinyesha matone yanadunda ndani yake mpaka meya analazimika kupaza sauti. Nami huomba Mungu anisamehe, kwa maana kelele ile hunifurahisha sana.